Umeamua nyumba haiuzwi tena? Itoe sokoni hivi

Jumapili saa moja asubuhi hata uso sijanawa, geti linagongwa. Kufungua nakuta dalali na familia nzima, baba, mama na mtoto mgongoni, wamekuja kuangalia nyumba. Nyumba yangu hapa Sakina, Arusha, nilishaitoa sokoni miezi minne nyuma, au nilidhani nimeitoa, maana nilichofanya ni kumpigia dalali mmoja nikamwambia "achana nayo kaka" basi nikakata simu. Usifanye kama mimi.

Kwanza jua kwa nini unaitoa. Kama wateja wanakuja wanaangalia wanasema tutakucheki halafu kimya, bei yako ndo tatizo, na picha zikishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka mzima watu wanaanza kuulizana ile ina nini, ina kesi? Hiyo ipumzishe tu. Kama uko Muriet na njia ya kwako ni tope, kuuza masika ni kujitesa, gari ya mteja inakwama anaanza kushusha bei hata geti hajaliona. Wa Moshi wengi wanasubiri Desemba watu warudi nyumbani na hela, ila Desemba hiyohiyo ndo ukoo unakaa kikao na shangazi anasema nyumba ya marehemu haiuzwi. Wa Olmoti wanashikilia sababu ya uwanja wa AFCON 2027, bei itapanda wanasema. Labda. Mi ada za watoto zikiwa zinanisubiri nisingeshikilia.

Ila kama mwenza wako hajakubali, itoe kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakukataza kuuza nyumba mnayoishi bila ridhaa yake, na hati kuwa na jina lako peke yako haikuokoi.

Sa kwenye kutoa kwenyewe. Uliyempa nyumba kashawapa wenzake watatu na hao nao wamegawa, kwa hiyo muulize majina, wote. Na elewa kwa nini dalali hana haraka ya kufuta picha: kila mteja anayemzungusha anamtoza hela ya kuoneshwa, nyumba iuzwe isiuzwe yeye kashakula. Usipige simu, andika meseji ibaki ushahidi, hivi: "Kaka habari, kuanzia leo nyumba ya Sakina haiuzwi, naomba ufute picha kote ulikoweka, ukileta mteja sifungui geti." Baada ya wiki mwombe rafiki ajifanye mteja aulizie. Utashangaa.

Kopi za hati ulizogawa zidai, ingawa kopi huzaa kopi, ndo maana hatua inayofuata mimi naiona kubwa kuliko zote: andika barua fupi peleka ofisi ya serikali ya mtaa, gongewa muhuri kwenye nakala yako. Mauziano mengi yanapitia pale, mwenyekiti akijua nyumba haiuzwi tapeli atapata shida kumletea mnunuzi wa kuandikishana.

Kama kuna mtu alishakupa advansi mrudishie kwa benki siyo mkononi. Kama mlishasaini mkataba usijitoe kienyeji, ona wakili kwanza maana anaweza kukushtaki. Wapangaji nao waambie, wangu walishaacha kulipa wakisubiri mwenye nyumba mpya.

Kuhusu kuandika ukutani kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, mi sishauri. Kwetu maandishi yale watu wanayasoma kama kuna ugomvi ndani, na siku ukitaka kuuza hata ukipaka rangi mara mbili majirani bado watamsimulia mteja.

Ile familia niliikaribisha ndani, mtoto alikuwa na baridi. Dalali kabaki nje anachezea simu. Wakati tunakunywa chai yule mama akaniambia hii ni nyumba ya nne tangu jana na kila moja wametoa elfu kumi, na mbili kati ya hizo wenyewe walishaghairi zamani.