Kusimulia riwaya uliyoimaliza jana

Ukifunga kitabu, usikimbilie kusema "kizuri." Chukua penseli kwanza, andika namba ya ukurasa uliokusimamisha. Mimi katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, nilisimama pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilikumbuka nyumba yetu ilivyonyamaza ghafla baba aliporudi jioni. Hilo ndilo nililowaambia wenzangu, si muhtasari wa hadithi.

Kisha taja ulipogombana na mwandishi. Mwisho wa Rosa bado nauona mkatili mno, ila asiyekisoma simfichulii ulivyo. Halafu nyamaza, umuulize mwenzako: wewe ulisimama wapi? Msubiri, hata akichelewa kujibu.