Pasha joto kwanza, ndipo uchanganye

Unapopima kasi ya amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga) kwa wanga na ayodini (dawa ya kahawia inayogeuka bluu-nyeusi penye wanga), usichanganye vikiwa baridi. Weka testitubu ya wanga (asilimia 1, mililita 5) na ya kimeng'enya (mililita 1), kila moja peke yake, kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 5. Kisha changanya na uanze kuhesabu sekunde papo hapo. Vinginevyo kimeng'enya kitaanza kazi huku joto bado linapanda, na muda utakaoandika hautakuwa wa nyuzi 37 wala wa joto lolote linalojulikana.

Kila sekunde 30 chota tone, lidondoshe kwenye ayodini juu ya kigae cheupe. Ayodini usiitie ndani ya testitubu yenyewe, maana hushikamana na wanga na kuvuruga mmeng'enyo. Rangi ikibaki ya kahawia, wanga umekwisha. Gawanya 1 kwa muda huo upate kasi.

Amilesi ya mate hupenda pH (kipimo cha asidi) karibu 6.8, na pasipo chumvi kidogo huzubaa, kwa kuwa inahitaji ioni za kloridi. Baridi huipunguzia kasi tu. Ukiipasha inarudi kazini. Iliyochemshwa umbo lake limeharibika, hairudi, lakini usiimwage: ndiyo ya kulinganishia.