Kijana akishtakiwa kesi ya genge California, soma hati ya mashtaka hivi

Kijana akikamatwa wazazi wengi tunauliza kosa gani basi, lakini hapa California kuna kitu kinapachikwa juu ya kosa na ndo kinachorefusha kifungo, kwa hiyo ukipata hati ya mashtaka shuka nayo mpaka chini utafute namba 186.22, ndo kifungu cha magenge kwenye sheria ya makosa ya jinai ya California. Ukiiona, angalia herufi inayofuata. Herufi a ni kosa linalojitegemea, kushiriki genge, halizidi miaka 3. Herufi b sasa ndo balaa, hiyo ni nyongeza: makosa makubwa ya kawaida yanaongezewa miaka 2, 3 au 4, makosa mazito 5, ya kutumia nguvu 10, na kupora gari kwa nguvu inaweza kufika 15 hadi maisha. (Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida anaenda mahakama ya watoto, hesabu zake ni nyingine.)

Sheria ipo toka 1988 ila Januari 2022 ilibanwa na sheria ya marekebisho iitwayo AB 333, na hapo ndo ukomae na wakili. Muulize hilo genge lina watu 3 au zaidi, lina jina au alama? Makosa ya zamani ya watu wa genge ambayo waendesha mashtaka wanayategemea ni angalau mawili, na la mwisho lipo ndani ya miaka 3 kabla ya hili? Kosa analoshtakiwa kijana wako lenyewe haliruhusiwi kuhesabiwa humo, shikilia hapo. Halafu genge lilifaidika nini, maana kusema walitaka sifa mtaani haitoshi tena, lazima ionekane pesa, kisasi, kumtisha shahidi, vitu vya namna hiyo.

Mwambie pia aombe kesi igawanywe, kifungu cha 1109 cha sheria hiyohiyo ya jinai, kosa lisikilizwe kwanza na habari za genge zije baadaye akikutwa na hatia, kwa sababu wale raia 12 wa baraza wanaoamua kama ana hatia wakishaonyeshwa picha za tatuu na ishara za vidole, kuna hatari wamhukumu kwa marafiki zake badala ya alichofanya.

Mkalimani ni haki kwenye katiba ya California, omba, usikubali mdogo wake ndo atafsiri. Na kama hana uraia, kabla ya dili lolote la kukiri kosa ili apunguziwe, wakili lazima amweleze kama anaweza kufukuzwa nchini, Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema hivyo 2010, jibu mlipate kabla kijana hajasaini.