Jinsi ya kuhifadhi matairi ya kasi winta nzima bila kuyapasua

Desemba yangu ya pili Minneapolis, jimboni Minnesota huku Marekani, niliua matairi manne kwa kusogeza gari mita kumi na tano tu. Lilikuwa limelala nje kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Alfajiri nikaliwasha, nikakata usukani mpaka mwisho, nikalirudisha nyuma hadi gereji. Siku mbili baadaye nikaona nyufa zimekatiza uso wa tairi kama tope la bwawa lililokauka. Nikayapeleka dukani nikidhani waranti itanisaidia. Nikaonyeshwa mstari unaosema nyufa za baridi si kosa la kiwanda.

Sasa kuvua na kuvisha matairi ndiyo kazi yangu, na kila Oktoba vijana wetu huniletea Subaru. (Mkenya akifika Minnesota, hata kabla ya kununua koti la maana, keshaulizia WRX, Subaru ya kasi.) Wengi hawajui kwamba WRX hutoka kiwandani ikiwa na matairi ya kiangazi, ndiyo hayo ya kasi. Kwa hiyo anza kwa kutazama ubavu wa tairi lako. Ukikosa herufi M+S na ukakosa pia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo ni la kiangazi, na mwongozo huu unakuhusu.

Umewahi kuona mafuta ya nazi yakiganda Limuru mwezi wa Julai? Jua likitoka yanayeyuka na hakuna kilichoharibika. Mpira wa tairi la kasi uko hivyohivyo. Umechanganywa uwe laini ili ung'ang'anie lami yenye joto. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi huanza kukakamaa na kuteleza, na kuanzia nyuzi 7 chini ya sifuri, yaani 20 za Farenhaiti, unakuwa kama plastiki. Baridi peke yake haiuui. Unakufa pale unapokunjwa, kugongwa au kubebeshwa uzito ukiwa bado umekakamaa.

Hatua ya 1: Yavue mapema

Usingoje theluji. Mimi huvua wiki ambayo asubuhi zimeanza kugusa nyuzi 7, na hapa kwetu mara nyingi hiyo ni Oktoba. Ukingoja hadi Novemba, utayabingirisha yakiwa yameshakuwa magumu.

Hatua ya 2: Andika kila tairi lilikotoka

Chukua chaki au utepe wa karatasi uandike: mbele kushoto, mbele kulia, na kadhalika. Kushoto ni kushoto kwako ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele. Nasema hivi kwa sababu sisi tuliozoea usukani wa kulia huchanganyikiwa. Kama ubavuni kuna mshale wa mwelekeo wa kuzunguka, uandike pia. Na kama matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hayabadilishani hata ungetaka.

Pima kina cha mifereji sasa hivi, usisubiri Aprili. Sheria katika majimbo mengi huku inakomea milimita 1.6, lakini tairi la kasi lililobaki na milimita 3 mimi silihifadhi. Kwenye mvua litaelea, na utakuwa umelitunza miezi sita ili ulitupe. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 3: Osha, kisha acha

Maji, sabuni ya vyombo na brashi vinatosha. Toa mawe yaliyonasa kwenye mifereji na vumbi jeusi la breki kwenye rimu. Acha yakauke kabisa, hata ikichukua siku nzima.

Usipake kitu cha kung'arisha. Najua nyumbani gari haliondoki kwa muosha magari bila tairi kumeremeta, lakini dawa nyingi za aina hiyo zina vimiminika vinavyoudhuru mpira zikikaa miezi mingi. Ukiona utando wa kahawia ubavuni usihangaike kuusugua mpaka uishe. Ni kinga iliyochanganywa kiwandani, hupanda juu yenyewe kuzuia ozoni, gesi iliyo hewani, isipasue mpira.

Hatua ya 4: Funga

Kila tairi liingie mfuko wake mkubwa mweusi, ule wa kuwekea majani ya uani. Nyonya hewa kwa mashine ya kufyonza vumbi, kisha kaza kwa utepe wa gundi. Mfuko huzuia mwanga na hewa, na pia mafuta yaliyo ndani ya mpira hayatoki haraka. Lakini ukifunga tairi lenye maji, umeyafungia humo pamoja na rimu.

Hatua ya 5: Chagua mahali

Hapa ndipo watu hukosea. Pazuri kuliko pote ni chumba cha chini ya nyumba, kile ambacho hakigandi, pakavu na penye giza. Ila usiyaegemeze kwenye tanuri la kupashia nyumba joto, wala kando ya friza au kompresa. Mota za umeme zenye kutoa cheche huzalisha ozoni, na ozoni ndiyo adui mkubwa wa mpira. Mtungi wa petroli na mashine ya kusukumia theluji pia vikae mbali.

Huna chumba hicho? Gereji isiyo na joto inafaa, kwa sharti moja: ukishayaweka, usiyaguse mpaka joto lirudi. Kuyasukuma kando ili upitishe baiskeli ya mtoto mwezi wa Januari ndiko kule kule kukunja mpira ulioganda. Weka ubao chini yake. Nje kwenye roshani, hata chini ya turubai, hapana. Ukikosa pa kuyaweka, lipia hifadhi kwenye duka la matairi, lakini uliza kwanza kama ghala lao lina joto, maana mengine ni makontena tu.

Hatua ya 6: Namna ya kuyalaza

Yakiwa kwenye rimu, yalaze moja juu ya jingine, yasizidi manne, au yatundike. Yakiwa bila rimu yasimamishe wima, na kila mwezi uyazungushe kidogo yasikae upande mmoja. Kama yako kwenye baridi kali, ruka huo mzunguko. Tairi lisilo na rimu halitundikwi, litapinda.

Upepo ujaze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, basi. Utashuka takriban psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6. Usije ukaingia na pampu Februari kujaribu kuurudisha.

Kama gari lenyewe linalala winta nzima na matairi hayo, linyanyue kwenye stendi ili uzito usiyakandamize.

Hatua ya 7: Kuyaamsha

Machi jua litatoka siku moja, utaona watu wamevaa kaptura. Usidanganyike nao. Matairi yaliyolala kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi yanatakiwa kukaa saa 24 mahali penye angalau nyuzi 5 juu ya sifuri kabla ya kufungwa kwenye gari, kupakiwa au hata kubingirishwa. Gereji inaweza kuwa baridi bado wakati nje kumeshapata joto, kwa hiyo pima ndani penyewe yalipo. Mimi hungoja katikati ya Aprili.

Yakishapata joto, toa mifuko na uyakague kwa tochi, hasa chini ya mifereji na pale uso unapokutana na ubavu. Rudisha upepo, yafunge kufuata maandishi yako, kaza nati kwa spana yenye kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

Ukikuta ufa umekatiza uso wa tairi, hakuna gundi wala kiraka. Hata kama linashika upepo vizuri, usilifunge, na usimuuzie mtu.