Somo: Kumfundisha mtoto nyumbani ili akumbuke hata mwezi ujao

Wazazi wengi tunaofundisha nyumbani tunapima somo kwa jinsi lilivyokwenda. Mtoto kasoma ukurasa, kajibu maswali ya chini yake, kapata yote, tunafunga kitabu roho kwatu. Wiki mbili baadaye unamuuliza jambo lilelile, anakukodolea macho kana kwamba hajawahi kulisikia. Siku ile alijibu kwa sababu jibu lilikuwa bado bichi kichwani. Somo linaloteleza bila shida ndilo la kutilia shaka zaidi.

Hatua hizi ni za mtoto wa miaka 8 hadi 13 hivi, anayejua kusoma na kuandika.

Hatua ya 1: Funga kitabu kwanza, uliza baadaye

Tuseme mmesoma habari za Vita vya Majimaji. Usimwambie arudie kusoma. Mpe karatasi tupu aandike kila anachokumbuka: vilianza mwaka gani, upande gani wa nchi, Kinjekitile alikuwa nani, watu waliamini maji yale yangewafanyia nini. Mwache ahangaike dakika kumi, usimdokeze haraka. Kisha afungue kitabu na kujaza aliyoyasahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha kesho uanzie wapi.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani vifungu vifupi vya kusoma. Wengine walirudia kusoma, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiuliza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ukipima jioni ileile utadhani kurudia kusoma ndiyo njia bora, na hapo ndipo wengi tunapopotezwa.

Hatua ya 2: Boksi la kadi

Hapa ndipo pa kuwekea nguvu. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kata karatasi ya manila kadi ndogondogo: mbele swali, nyuma jibu. Mtoto aziandike mwenyewe ikiwezekana. Swali moja, jibu moja; kadi yenye majibu sita inachosha na huwezi kuamua kama kapata au kakosa.

Kadi mpya zote huanzia chumba cha 1. Akipata, kadi inasonga chumba kinachofuata. Akikosa, hata kama ilikuwa cha 4, inarudi cha 1. Chumba cha 1 kifunguliwe kila siku, cha 2 kila baada ya siku mbili, cha 3 mara moja kwa wiki, cha 4 kila wiki mbili, cha 5 mwisho wa mwezi. Mpango huu wa vyumba unatokana na kitabu cha Kijerumani cha Sebastian Leitner cha mwaka 1972. Siku zenyewe zipange upendavyo, mradi mwanya uzidi kupanuka.

Kwa nini mwanya? Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1885 baada ya kujikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana, aliona kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Saa nzima ya tebo ya 7 Jumamosi haifikii dakika kumi kila siku.

Weka kadi za tebo, za misamiati, za miji mikuu. Usiweke insha wala mambo yanayohitaji maelezo marefu. Hayo yabaki kwenye karatasi tupu ya hatua ya 1.

Hatua ya 3: Changanya hesabu

Vitabu vingi huweka maswali ishirini ya mzingo, kisha ishirini ya eneo. Mtoto akifika swali la tatu hasomi tena swali, anajua tu kwamba ni kujumlisha pande. Chagua mwenyewe: moja la mzingo, moja la eneo, moja la sehemu, moja la juma lililopita. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walijaribu hivyo kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walipata asilimia 60, wenzao 89. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata 63, wenzao 20. Kwa hiyo alama zikishuka ukianza kuchanganya, usikimbilie kurudi nyuma.

Hatua ya 4: Jambo jipya kabisa

Hapa usimwache ahangaike. Mwonyeshe mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua, kisha wa pili ambao hatua ya mwisho anaimalizia yeye, kisha ajitegemee.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tariq: Mwalimu, mwanangu ni mtu wa kusikiliza, si wa kuandika. Nimfanyie yote kwa sauti?

Jibu: Akijibu kwa mdomo ni sawa kabisa, Mama Tariq, maana kinachohitajika ni kuvuta jibu kichwani. Ila hilo la kumgawa mtoto kuwa wa macho au wa masikio halina ushahidi. Harold Pashler na wenzake walilichunguza mwaka 2008 wasipate tafiti za kutosha za kuliunga mkono. Ramani lazima aione, na shairi lazima alisikie.

Baba Neema: Hii si ile kukariri ya zamani tuliyoikimbia?

Jibu: Ile ya kuimba darasa zima bila kujua maana, hapana. Lakini aliyepita madrasa anajua muraja'a: unakaa mbele ya ustadhi, msahafu umefungwa, unasoma kwa moyo uliyohifadhi zamani, si ya leo tu. Hatua ya 1 na ya 2 zimo humo. Maana ielezwe kabla kadi haijaandikwa.

Shangazi wa Tanga: Akikosa analia na kutupa kadi.

Jibu: Pole, shangazi. Usitoe alama na usihesabu makosa mbele yake. Anza na kadi za chumba cha 3 anazozijua, penyeza mbili ngumu, malizia na rahisi. Akikwama, mtajie herufi ya kwanza. Baadhi ya siku abadilishane nawe: yeye aulize, wewe ujibu, na ukosee moja makusudi akusahihishe.

Mama Pacha: Nina wa miaka 5, nao pia kadi?

Jibu: Bado, dada. Wasimulie hadithi leo usiku, kesho wakusimulie wao.