Jinsi ya kujua stesheni ya chini ya ardhi London ilijengwaje, ukiwa unasubiri treni tu

Kwanza hesabu ngazi. Ukishuka chache tu za kawaida ukajikuta kwenye platifomu, hapo walichimba kutokea juu, yaani barabara ilifumuliwa yote, wakachimba mtaro, wakajenga kuta za matofali, wakafunika kwa dari la upinde afu udongo na barabara vikarudishwa. Ndo ilivyojengwa reli ya kwanza duniani ya chini ya ardhi, Paddington mpaka Farringdon, ilofunguliwa Januari 10, 1863. Nenda Baker Street platifomu namba 5 na 6 uangalie kuta, kuna matundu makubwa yamepanda juu kwa mshazari, utadhani urembo kumbe treni za enzi hizo zilikuwa za mvuke, na matundu yenyewe ni ya kuingiza mwanga na kutoa moshi. Sijui abiria walikuwa wanapumuaje!

Ukishuka eskaleta ndefu au lifti ukakuta dari limejikunja kama bomba, hiyo imechimbwa hukohuko chini kwa ngao ya Greathead: silinda ya chuma, vibarua ndani wanachimba udongo wa mfinyanzi, jeki zinaisukuma mbele kidogokidogo, na nyuma yake wanafunga vipande vya chuma kwa bolti mpaka duara linakamilika. Reli ya City & South London ilianza hivyo 1890, na treni za umeme, maana kule chini mvuke ungeua watu.

Afu angalia kama platifomu imepinda. Njia nyingi zilifuata barabara za juu ili wasipite chini ya majengo ya watu, ndo maana pale Bank, laini ya Central, kuna mwanya mkubwa kati ya treni na ukingo, chunga mguu. Stesheni ya Chancery Lane, mtaa wa juu yake ulikuwa mwembamba, wakaweka platifomu moja juu ya nyingine.

Jengo la nje likiwa na vigae vyekundu vilivyoiva, mfano Covent Garden au Russell Square, jua ni kazi ya msanifu majengo Leslie Green, 1906 au 1907. Paa ni bapa makusudi, ili ofisi zijengwe juu yake baadaye.

Ukiwa na muda wa stesheni moja tu, mi nakushauri Westminster, upande wa laini ya Jubilee, uliofunguliwa 1999. Shimo lake linakaribia mita 39, na Big Ben iko palepale jirani, ikabidi wawe wanasindilia saruji ya majimaji chini ardhini mnara usiiname. Ukifika chini kabisa inua kichwa, yale maboriti manene yaliyokatiza juu ya eskaleta ndo yanazuia kuta zisibanane.