Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Mahekalu ya Kihindu Kusini mwa India

Msafiri wa Afrika Mashariki aliyekwenda Chennai kwa matibabu, au Kerala kwa masomo, huenda akapata siku moja mbili za mapumziko na kutamani kuyaona mahekalu makubwa ya huko. Kabla hajakodi bajaji, na aulize kwanza kama ataruhusiwa kuingia. Katika hekalu la Padmanabhaswamy lililoko Thiruvananthapuram, na lile la Guruvayur, yote mawili ya Kerala, asiye Mhindu huishia nje. Katika jimbo jirani la Tamil Nadu, hekalu la Meenakshi mjini Madurai huwapokea wageni katika nyua na kumbi zake, lakini si katika vyumba vya ndani kabisa. Mwezi wa Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, katika kesi ya hekalu la Palani, iliamuru yawekwe mabango ya kuwazuia wasio Wahindu kupita mlingoti wa bendera, isipokuwa atakayeandika tamko kwamba anamwamini mungu wa hapo na atazifuata desturi zake. Hekalu la Sabarimala huko Kerala, kwa upande wake, hupokea watu wa dini zote, na mahujaji wake hupitia msikiti wa Vavar pale Erumely kwa heshima ya Mwislamu anayesimuliwa kuwa rafiki wa Ayyappan, mungu wa hekalu hilo.

Likishajulikana hilo, yanafuata ya twahara. Neno hili nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa mtu anaweza kuwa ametoka kuoga sasa hivi na bado akahesabiwa hayumo katika hali ya kuingia. Kufiwa na jamaa wa karibu huwazuia watu wa ukoo kwa siku kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi; uzazi nao vivyo hivyo, ingawa ni jambo la furaha; na kwa desturi mwanamke aliye katika hedhi hujiweka mbali. Anayejua habari za udhu ataona mfanano, ila ataona pia tofauti, maana kwake yeye msiba peke yake hautengui kitu. Langoni hakuna mlinzi atakayemhoji mtu juu ya hayo. Kila mmoja hujichunga mwenyewe. Wala tusisahau kwamba hoja hiyohiyo ya unajisi ndiyo iliyowafungia milango watu wa tabaka za chini kwa karne nyingi, hadi mfalme wa Travancore, ufalme wa zamani wa kusini mwa Kerala, alipotoa tangazo la kuwafungulia tarehe 12 Novemba 1936.

Mavazi ndiyo yanayowarudisha wengi. Katika hekalu la Padmanabhaswamy mwanamume huvua shati na fulana, akabaki kifua wazi, na kujifunga mundu, ambao ni kitambaa cheupe kinachozungushwa kiunoni mithili ya kikoi na pindo lake kuchomekwa ubavuni. Aliyelelewa pwani hatahitaji fundi wa kumwonyesha. Asiye nao hukodi karibu na lango. Mwanamke huvaa sari, na aliyekuja na suruali hufunga mundu juu yake. Viatu huachwa nje, na simu na kamera hukabidhiwa kwenye dirisha la kutunzia mizigo. Mikanda na pochi za ngozi ni afadhali zibaki hotelini, kwani ngozi ni sehemu ya mnyama aliyekufa.

Ndani, mkono wa kulia ndio wa kupokelea. Mgeni asishangae wala asione amedharauliwa kasisi wa Kerala anapomdondoshea msandali uliosagwa, pamoja na maua, kutoka juu bila vidole vyao kugusana: kasisi huyo ameshaoga kwa ajili ya ibada, na akiguswa itambidi aoge upya. Huo msandali hupakwa kwenye paji la uso. Mahali patakatifu huzungukwa mungu akiwa upande wa kulia, isipokuwa katika mahekalu ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, ambako mtu hufika kwenye mfereji unaotoa maji yaliyomwagiwa sanamu, akageuka na kurudi alikotoka bila kuuvuka.

Saa nazo ziangaliwe. Milango mingi hufunguliwa kabla ya mapambazuko, hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri. Anayechelewa asubuhi atajikuta akisubiri pekupeku juu ya mawe yaliyoshika moto wa jua.